Ua la mpira lililotangulia masika: kisa cha bustani ya miti, Mombasa

Kisa hiki ni cha bustani ya nyumbani, upande wa bara, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa. Mtaa, majina na alama za kumtambulisha mwenye nyumba nimeziondoa. Makosa nimeyaacha, na mengi ni yangu.

Bustani yenyewe

Kiwanja ni kama nusu ekari, kinateremka kidogo kutoka langoni hadi ukuta wa jirani. Juu umesimama mbuyu mmoja mnene, katikati mibambakofi miwili, na chini mkwaju wa zamani pamoja na safu ya miarobaini kando ya ukuta. Udongo ni haba. Chimba shubiri mbili, jembe linagonga mwamba wa matumbawe, kama ilivyo sehemu kubwa ya pwani hii. Mwamba huo una matundu na nyufa, na maji hupotea ndani yake kama kwenye chujio. Mama mwenye nyumba alikuwa akijisifu kwamba tangu aingie hapo hajaona dimbwi likilala usiku mmoja.

Chini ya miti hiyo huota maua ambayo hakuna aliyeyapanda. Vitabuni ni Scadoxus multiflorus. Pale nyumbani waliliita ua la mpira, nami nitaliita hivyo. Kikonyo kinene huchomoza peke yake kutoka ardhini, mara nyingi kabla ya jani lolote, na kichwani hufunguka duara jekundu la maua madogo madogo, pengine hadi 200 kwenye kichwa kimoja. Asiyelijua hudhani mtu amechomeka pambo la arusi mchangani. Majani hufuata nyuma, yanakilisha kitunguu kilicho chini wakati wote wa masika na kipupwe, kisha yananyauka na kitunguu kinalala.

Kwa kawaida pale huonekana mvua za kwanza za masika zinapogusa ardhi, mwisho wa Machi au Aprili. Wakati huo mbuyu bado uchi, au ndiyo kwanza unaanza kuchipua, kwa hiyo mwanga unafika chini. Majani yakishafunga, ua limekwisha kazi yake.

Mama huyu aliishi Uingereza miaka mingi kabla ya kurudi kwao, na ndiye aliyenifanya nilitazame ua hili kwa jicho jingine. Huko, alisema, watu wenye bustani za miti hungoja viua vyeupe vya Galanthus, vile vinavyoinamisha kichwa, ambavyo huchomoza Januari na Februari kwenye baridi na matope, miti ikiwa haina jani hata moja. Mchezo ni uleule: kuwahi mwanga kabla paa halijafungwa. Tena ni ndugu, kwani Galanthus na ua la mpira wote ni wa ukoo wa Amaryllidaceae. Undugu huu nitaurudia, maana ulitusaidia na ulitupoteza vilevile.

Mwaka wenyewe

Mombasa mvua kubwa ni ya masika, na Mei ndiyo kilele. Vuli, kuanzia Oktoba, huwa nyepesi zaidi. Januari na Februari, kaskazi ikivuma, ndiyo miezi mikavu kuliko yote. Vuli ya 2023 haikufuata desturi hiyo. Ulikuwa mwaka wa El Nino, na mvua ya Oktoba na Novemba ilishuka kwa nguvu ya masika. Barabara zilifurika, na bustani nyingi nilizokuwa nikizihudumia zilikaa na maji.

Katika bustani hii, maji yalisimama sehemu ya chini siku tatu mfululizo, jambo ambalo halijawahi kutokea. Sababu ya kwanza tuliijua baadaye. Jirani alikuwa amejenga miezi michache kabla, na vitundu viwili vilivyokuwa chini ya ukuta vikazibwa kwa zege. Maji yaliyokuwa yakiteleza juu ya mwamba na kutokea upande wa pili hayakuwa tena na njia.

Mlolongo wa mambo

Desemba, kabla sijaitwa, fundi mmoja alimshauri mama ainue sehemu ya chini. Yakaletwa malori mawili ya udongo mwekundu, ukatandazwa unene wa shubiri kuanzia mkwaju hadi ukutani. Papo hapo ikatandikwa njia ya kabro kutoka langoni hadi banda la nyuma, na kingo zake zikafungwa kwa saruji. Kwa macho kazi ilikuwa nzuri, na dimbwi likatoweka. Lilikuwa limefunikwa tu.

Baada ya hapo likaja jua kali la wiki kadhaa. Katikati ya Januari mvua ikapiga usiku mbili mfululizo, na siku chache baadaye mama akanipigia simu kwa furaha. Chini ya mbuyu kulikuwa na mipira myekundu kumi na moja, miezi miwili kabla ya wakati wake. "Njoo uone, mwanangu, bustani yangu imekuwa ya Uingereza."

Nilifika wiki ya kwanza ya Februari. Maua yalikuwa yamekwisha, maana jua la kaskazi lilipita moja kwa moja kwenye matawi matupu ya mbuyu na kuyakausha kwa siku nne hivi. Kilichonishughulisha kilikuwa kule chini. Kila mwaka sehemu iliyo kati ya mkwaju na ukuta ndiyo iliyotoa maua mengi zaidi. Safari hii hapakuwa na hata kikonyo kimoja.

Nikachimba shimo la kujaribia. Juu, udongo mwekundu ulikuwa umekauka na kupasuka. Chini yake ulinata kama ugali usioiva, na chini zaidi, juu ya mwamba, kulikuwa na maji. Wiki tatu bila mvua ya maana, na bado maji! Harufu ilikuwa ya tope la mikoko bamvua likikupwa. Kitunguu cha kwanza nilichokitoa kilibonyea mkononi.

Maamuzi, na sababu zake

Tulikaa barazani watu watatu: mama, mimi, na mzee anayefanya kazi ya shamba hapo tangu enzi za mwenye nyumba wa kwanza. Kila mmoja alikuwa na lake.

Mama alitaka tungoje. Kwa Galanthus, alieleza, wakulima wengi wa Uingereza huhamisha vitunguu maua yakishapita huku majani yangali mabichi, na vinashika vizuri kuliko vilivyokauka. Kwa nini tusingoje masika, hivi navyo vikatoa majani, ndipo tukavihamisha?

Mzee alitaka tusiviguse kabisa. "Toa huu udongo wa watu, acha maua ya watu," alisema. Nilipoanza kumweleza habari za kuoza akanikatiza: "Kuchamba kwingi, fundi..." Methali hakuimaliza, maana mama alikuwepo.

Mimi nikashinda, kwa bahati mbaya. Hoja yangu ilikuwa kwamba kitunguu kimoja kimeoza, kwa hiyo vyote vinaoza, na kila siku inayopita ni hasara. Nikaamua ving'olewe vyote vya sehemu ya chini, visafishwe, vikaushwe kivulini, kisha vipandwe chini ya mbuyu ambako maji hayasimami. Kazi ya maji ningeifanya baadaye.

Tulitoa vitunguu 46. Kati ya hivyo, 17 vilikuwa vimekwisha kuoza, na 29 vilikuwa bado vigumu. Vingine vinane vilikuwa vimekaa katikati ya mizizi ya mkwaju, hatukuweza kuvitoa bila kukata mizizi minene, nami sikutaka kuujeruhi mti wa umri ule kwa ajili ya maua. Tukaviacha. Lau mkwaju ungekuwa mdogo tungevichukua navyo, na kisa hiki kisingekuwa na la kufundisha.

Vile 29 tuliviosha, tukakata sehemu zilizolainika kwa kisu kilichopitishwa motoni, tukavipaka jivu la kuni na kuvitandaza juu ya magunia katika banda la nyuma kwa siku kumi.

Hapo yakatokea karibu maafa. Banda lile limepakana na jiko la nje. Siku ya sita, msichana wa kazi alijaza beseni akidhani ni vitunguu vya biriani vilivyoletwa kwa ajili ya wageni. Alivimenya viwili, akaona utomvu unamwasha vidole, akaja kuuliza. Ua la mpira ni sumu kila sehemu yake, na kitunguu ndicho kikali zaidi. Baadhi ya sehemu za Afrika kilitumiwa kutengenezea sumu ya mishale na ya kuvulia samaki. Hakuna aliyeonja. Lakini mimi ndiye niliyeviweka pale bila alama wala neno kwa mtu wa jikoni, katika nyumba yenye wajukuu. Tangu siku hiyo vitunguu vya maua navitundika juu, kwenye mfuko uliofungwa na kuandikwa, na jiko zima linaambiwa.

Katikati ya Februari tulivipanda chini ya mbuyu, shingo ikiwa sawa na uso wa ardhi. Na kwa kuwa jua lilikuwa kali na ardhi imekauka, nikamwagiza mzee avimwagilie kila baada ya siku mbili. Alinitazama tu.

Ndipo tukageukia maji. Mama alimwendea jirani na sahani ya mahamri, wakazungumza vizuri, lakini jirani hakukubali vitundu vifunguliwe kwa sababu maji yangeingia kwenye msingi wake mpya. Alikuwa na haki. Ikabidi tutafute njia upande wetu. Tuliondoa udongo mwekundu kwa toroli siku tatu. Chini yake, kwa mtaimbo, mzee alikwenda moja kwa moja hadi mahali karibu na mwarobaini wa tatu, akagonga, akasema hapa. Palikuwa na ufa wa mwamba wenye upana wa kiganja, umejaa udongo mwekundu uliokauka kama tofali. Tukauzibua hadi mtaimbo ukaingia wote. Tukachonga mfereji kutoka sehemu ya chini kabisa hadi kwenye ufa, tukaujaza vipande vya matumbawe. Kabro tuling'oa mistari miwili inapokata mteremko, tukaweka kokoto badala yake.

Jambo la mwisho lilikuwa fagio. Uwanja ule ulikuwa ukifagiwa kila alfajiri kwa fagio la chelewa, chini ya miti na pote, mpaka ardhi inang'aa. Niliomba sehemu ya miti isifagiwe tena. Mama alisita, maana mgeni akikuta majani uwanjani hamlaumu fundi wa bustani. Tukakubaliana: kutoka langoni hadi barazani pafagiwe, chini ya miti paachwe.

Matokeo

Masika ya 2024 nayo ilikuja kwa nguvu. Mvua kubwa ya kwanza ya Aprili ilijaza sehemu ya chini jioni. Alfajiri maji yalikuwa yamekwenda. Hivyo ndivyo ilivyokuwa hadi kipupwe.

Maua ni habari nyingine. Kati ya vile 29 tulivyoviokoa, vinne vilitoa ua, tisa vilitoa majani matupu, na 16 havikuonekana tena. Nilichimbua vichache kuona: vilikuwa vimeoza kuanzia kitakoni, pale mizizi inapoanzia. Kati ya vile vinane tulivyoviacha kwenye mizizi ya mkwaju, saba vilichipua na vitano vikatoa maua. Vile kumi na moja vilivyowahi Januari vilitoa majani tu.

Konokono wakubwa walitokea kwa wingi mwezi Mei na kutoboa majani. Hatukunyunyizia dawa. Waliokotwa usiku kwa tochi, na baada ya wiki mbili idadi ikapungua.

Uchambuzi: kwa nini yaliwahi

Watu wengi waliniuliza kama maua ya Januari ni dalili ya mmea kuchanganyikiwa. Sioni hivyo. Kitunguu hakisomi kalenda. Ua la msimu unaokuja huandaliwa ndani ya kitunguu kwa chakula kilichowekwa na majani ya msimu uliopita, kisha linangoja mambo mawili yafuatane: ukavu, halafu unyevu. Baada ya vuli ya 2023 jua liliikausha ardhi ya juu chini ya mbuyu, ambako maji huteremka haraka, kisha mvua ya usiku mbili ikaja. Kwa kitunguu, hayo yalikuwa masika. Masika yenyewe ilipofika, hazina ya ua ilikuwa imeshatumika. Kwa hiyo ua la mapema ni la kufurahiwa, lakini ni mkopo kutoka Aprili, na mwenye bustani asitarajie kulipwa mara mbili.

Uchambuzi: undugu ulipotupoteza

Galanthus huvumilia majira ya baridi yenye mvua nyingi, na hilo lilinikaa kichwani zaidi ya lilivyostahili. Mvua ya Uingereza ya Januari inakikuta kitunguu kile kimeamka: mizizi inafanya kazi, majani yanatoka, baridi inazuia uozo usikimbie. Usingizi wake ni wa kiangazi. Mvua yetu ya vuli ilikikuta kitunguu cha ua la mpira kimelala, katika joto la kutosha kuivisha uozo kwa siku chache, na juu yake pamefunikwa udongo usiopitisha hewa. Maji yaleyale yanayomlisha aliye macho humzamisha aliyelala.

Ushauri wa mama wa kungoja majani ulitoka kwenye mmea mwingine na nchi nyingine, lakini kiini chake kilikuwa sahihi: usimhamishe aliyelala mahututi, ngoja aamke. Mimi niliuona ni ushamba wa ng'ambo.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichoharibu

Kosa kubwa lilikuwa mpangilio. Kuondoa udongo mwekundu na kuzibua ufa kulichukua chini ya wiki moja, na kipindi hicho mvua haikunyesha. Tungeanza na hilo, vile 29 vingekauka mahali pake bila mizizi yake minene kukatwa, na mmea huu haupendi kuguswa mizizi. Nilianza na maua kwa sababu maua ndiyo yaliyoniita.

La pili ni kumwagilia. Kitunguu kilichokatwa mizizi hakinywi, kwa hiyo maji niliyoagiza yalibaki kukizunguka kwenye jeraha. Nilikitoa kwenye maji nikakirudisha kwenye maji. Nikilazimika kung'oa tena, nitapanda pakavu na kuacha mvua ifungue kazi.

Ni haki pia niseme kwamba vile vinane na vile 29 si vya kulinganishwa moja kwa moja. Vinane ni vichache. Mahali pake ni juu kidogo, na mkwaju unakunywa maji mengi kila siku, kwa hiyo huenda havikuzama kama vingine. Hata hivyo mtu akiniuliza leo nini nimejifunza kuhusu uokoaji, nitamwonyesha ile mizizi.

Udongo mwekundu ni somo la Mombasa nzima. Tunaununua kwa lori kwa sababu bustani ya matumbawe inaonekana maskini, na kwa vyungu au mashimo ya kupandia unafaa. Ukitandazwa juu ya mwamba, chembe zake laini huoshwa na mvua na kuingia kwenye matundu, na chujio linakuwa sahani. Anayetaka kuongeza rutuba chini ya miti atumie mboji na majani yenyewe.

Na majani yalituonyesha jambo. Kufikia Juni kulikuwa na tandiko la kiganja kizima chini ya mibambakofi, na jongoo wamejaa, wale weusi warefu. Mama aliwaogopa mpaka nilipomkumbusha Haller Park, kule Bamburi. René Haller alipoanza kupanda miti kwenye machimbo ya saruji mwanzoni mwa miaka ya 1970, mvinje ulishika juu ya matumbawe matupu lakini majani yake yalilala bila kuoza, hadi jongoo walipoletwa kuyasaga na kuyageuza udongo. Msitu ulioko pale leo umesimama juu ya kinyesi cha jongoo. Baada ya hapo mama aliwaacha.

Ilivyo sasa

Vile kumi na moja vya chini ya mbuyu vingine vilizaa mbegu nyekundu kabla ya majani kunyauka. Tulizitoa nyama tukazipanda zikiwa mbichi kwenye vyungu vya mchanga na mboji, na nyingi zimeota jani mojamoja. Maua yake ni ya miaka kadhaa mbele. Sehemu ya chini tumeiacha bila kupanda kitu, na ufa unachunguzwa kabla ya kila vuli. Kazi hiyo ni ya mzee, na mtaimbo anaulaza nyumbani kwake.